Utepe Nilioubandua Kwenye Koti la Haitham

Khuwair ya Kusini,
Maskati.
Ijumaa, baada ya swala.

Mke wangu mpenzi Mama Shani,

Assalaam alaykum warahmatullah. Kabla ya yote nipe habari za kifua chako. Katika barua yako ya mwisho ulisema baridi ya Lushoto imekushika na unakohoa ukipanda na kuni kutoka bondeni. Je, ulikwenda zahanati, au ulijitibu kwa tangawizi tu kama kawaida yako? Na Shani, lile jino la mbele limeota? Mama mkwe na goti lake? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila macho yananisumbua kidogo nikishona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Hayo ni ya umri.

Barua hii nakuomba uisome mwenyewe, polepole, usimpe Shani akusomee kwa sauti. Ina neno ambalo nimemwahidi Mungu kwamba nitakuambia. Nitalifikia, lakini siwezi kulisema kabla hujajua lilikotoka. Limetoka kwenye koti.

Unamkumbuka Bi Rayya niliyekuandikia habari zake, yule mama wa Kiarabu aliyezaliwa Unguja, anayeleta nguo zake hapa dukani kwetu. Ana mwana mmoja tu wa kiume, Haitham, anauza magari kule Wattaya. Kijana mpole, ila ana wazimu mmoja: theluji. Alisoma Ulaya, na huko akajifunza mchezo wa kusimama juu ya ubao, miguu yote miwili imefungwa, na kuteleza nao kutoka juu ya mlima. Wala si pale penye watu na mashine za kuwapandisha. Yeye na wenzake wawili hupanda kwa miguu, ubao mgongoni, mahali pasipo njia wala mtu, mpaka juu kabisa, ndipo wateleze kushuka. Unaujua ule ukuta wa mlima pale Irente, ambapo hata mbuzi wetu walikuwa wanafikiri mara mbili. Sasa uone umefunikwa barafu, halafu mtu anakuambia anateremka hapo kwa ubao.

Mwezi uliopita alikuja na koti lake la mlimani.

"Shikamoo fundi. Kwapa limechanika, ubao umelikata. Nnasafiri keshokutwa kwenda milima ya Uajemi. Lishone hapo tu, basi."

Kwapa nikalishona vizuri. Lakini nilipoligeuza koti ndani, nikaona mishono yote imebandikwa utepe mwembamba wa nailoni, unang'aa kama gundi iliyokauka. Unanijua nilivyo. Marehemu mwalimu wangu wa ushonaji kule Tanga alikuwa akiigeuza nguo kwanza, anatazama ndani kabla ya nje, na ukiacha uzi unaning'inia anakutupia nguo usoni. Nikasema huu ni uchafu wa kiwandani, mtoto wa Bi Rayya hawezi kuvaa koti chafu ndani. Nikakaa saa nzima nabandua: mabega, makwapa, mgongo, mpaka kofia, kwa kucha na ncha ya mkasi. Karim, yule Mbangladeshi ninayeshona naye, akaniuliza kwa Kiarabu chetu cha dukani kwa nini najitesa. Nikamwambia natafuta thawabu. Haitham alikuja mbio kulichukua, gari linanguruma nje, akalitia begini bila kulitazama. "Mungu akuweke, fundi," akaondoka.

Siku ya nne tangu alichukue, akaingia nesi mmoja wa Kizungu na koti lake la mvua. Ndani lilikuwa na utepe uleule, umebanduka wenyewe kwa uzee, na mkononi alikuwa na roli jipya la utepe huo. Akaniomba niubandike kwa pasi. Nikamuuliza ni wa kazi gani. Yule mama akachukua sindano yangu mezani, akaichomeka kwenye mshono, akasema kwamba kila sindano inapopita inaacha tundu, na upepo na maji hupita hapo. Utepe ndio unaoziba.

Mama Shani, nilihesabu kwa vidole mishono yote niliyoibandua: mabega, makwapa, mgongo, kofia.

Baada ya alasiri nikaenda kwa Bi Rayya, si mbali na duka. Nikamkuta barazani na kahawa yake.

"Bi Rayya, Haitham amepiga simu?"

"Kapiga juzi, wako chini ya jabali. Huko juu simu haishiki. Kasema upepo umewafungia ndani ya hema kutwa nzima, ukitulia tu wanapanda. Kwani vipi? Mbona umekuwa kama uliyemwagiwa unga?"

Nikamweleza yote. Akakiweka kikombe chini.

"Fundi weye! Mtu kakwambia ushone kwapa, nani kakutuma mgongoni?"

"Niliona uchafu, Bi Rayya."

"Uchafu! Ungeuliza basi! Mdomo nao ulikuwa umeushona?" Kisha akajifunika uso kwa mtandio. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mie nnaogopa tangu siku aliyouleta ubao ule nyumbani. Kila akisafiri silali. Usinizidishie. Kunywa kahawa, halafu nenda msikitini ukamwombee mwanangu, na usiombe kivivu."

Sikuomba kivivu. Magharibi ile niliweka paji la uso chini nikasema: Ya Rabbi, kijana huyu ni wa pekee kwa mama yake. Ukimrudisha hai, nitamwambia mke wangu lile nililomficha miaka minne. Nilitafuta kitu kikubwa cha kumwahidi Mungu, sikuwa na kingine kikubwa kama hicho.

Siku nne zilipita. Nilikuwa nashona kanzu ya watu nikaweka mkono wa kulia kushoto.

Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, Haitham akasimama mlangoni. Sikio limefungwa bandeji, ncha za vidole zimekuwa nyeusi, ngozi inabanduka. Hakusema shikamoo. Akaliweka koti juu ya cherehani yangu, ndani nje.

"Fundi, utepe wangu u wapi?"

"Niliubandua mimi. Nilidhani uchafu. Nimekosa, mwanangu."

Akanitazama, mimi nikatazama mkasi. Kisha akavuta kiti.

"Basi sikiliza ulilolifanya. Tumefika mgongoni mwa jabali, upepo ule, fundi, haukwachii usimame. Tukatambaa kwa magoti, ubao mgongoni unataka kuruka na mie kama bati la paa. Mara nahisi kitu kinanitambaa kwapani, cha barafu. Kikaenda mabegani, kikaenda uti wa mgongo. Nikajua, mshono huo. Wallahi nilikutukana, wewe na cherehani yako!"

Karim hajui Kiswahili lakini alicheka. Nilimkata jicho.

"Halafu vidole havinisikii tena. Nikawapigia wenzangu kelele, mie nashuka sasa hivi, kwa korongo la pembeni. Ule ukuta wenyewe wa jabali nilioungojea miaka mitatu nimeuacha palepale, sikuugusa. Najiachia niteremke, upepo wanisukuma nirudi juu! Nimesimama kwenye mteremko kama nimepigiliwa msumari, na chembe za theluji zanichapa uso kama mchanga. Upepo ulipopumua kidogo nkashuka vuu, nkakuta barafu tupu, ubao haushiki, nkaenda kwa ubavu mpaka mwenzangu mmoja akanidaka mguu."

"Na wenzako?"

"Walishuka na mie. Mtu haachwi peke yake kule."

Nikamwomba radhi tena. Akasugua vidole vyake. Kisha akasema, "Livae."

"Koti?"

"Livae, twende. Nataka ujue upepo ulipopita."

Mke wangu, mimi mtu mzima mwenye mvi nilipandishwa nyuma ya pikapu, koti la theluji mwilini, kofia kichwani, katika mji huu wa jua. Watu wa madukani walitoka nje kunitazama. Karim alipiga makofi. Haitham akaendesha mpaka ile barabara inayopanda mlima kwenda Bustan, na siku hiyo upepo ulikuwa unavuma wenyewe hata bila gari. Alipokanyaga mafuta, ukaingia. Uliingia kwapani, ukaingia begani, ukanishuka mgongoni mstari mzima, tundu kwa tundu. Nilizijua sehemu zote nilizopitisha mkasi. Nikamfikiria yeye kule, na ule upepo mkubwa kuliko wangu mara elfu.

Kisha likaja jambo jingine. Miaka sita sijasikia baridi isiyotoka kwenye mashine. Hii ilikuwa baridi ya kweli, baridi ya Julai kwetu, ukungu umekaa mlangoni, wewe unapuliza moto na moshi wa mkaratusi unakutoa machozi, nami natafuta mikono ya koti langu gizani. Nikalia, Mama Shani. Huko juu hakuna aliyenisikia, nikalia kwa sauti.

Aliposimamisha gari akaja nyuma. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa walia nini? Nshakusamehe, yakhe."

"Silii hilo, mwanangu. Nimesikia baridi ya nyumbani kwangu."

Akanipa mkono wenye vidole vile vilivyoungua kwa barafu, akanishusha taratibu kama mgonjwa. Kisha akanipa roli la utepe nilibandike koti lake upya. Nimelimaliza jana, nimepitisha pasi mara mbili.

Sasa ahadi yangu.

Nilikuandikia mara mbili kwamba kafili wangu, mwenye duka hili, amenikatalia kuondoka. Si kweli. Mara zote mbili mkataba ulipokwisha alinipa tiketi mkononi, na mara zote mbili niliirudisha mwenyewe, nikasaini tena. Yule mzee wa watu umemlaumu bure.

Unakumbuka siku ile nilipopiga simu pale posta, ukamwambia Shani zungumza na baba, naye akasema, "Shikamoo mjomba"? Ulicheka, nami nikacheka. Nilipoweka simu sikuweza kurudi kazini. Nilimwacha ana miaka miwili. Nikajiona naingia nyumbani kwangu kama mgeni, mtoto anajificha nyuma ya khanga yako. Nikasema niongeze muda, nirudi na vitu vizuri, atanipenda. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana uongo wa kwanza ulikuwa umeshakaa. Nawe mara zote mbili ulikuwa umeshalifua lile koti langu jeusi, ukalianika, ukalitundika nyuma ya mlango, ukaniandikia kwamba linanisubiri. Hilo ndilo lililonitoa machozi kwenye ile pikapu.

Karatasi ya tatu ya kuongeza mkataba imo kwenye droo ya cherehani. Sijaisaini, na sitaisaini. Mkataba unakwisha Shaabani. Nataka kufunga Ramadhani nyumbani, Mungu akijalia. Una haki ya kunikasirikia, hata ukinyamaza wiki nzima mbele yangu nitavumilia. Ila sitaki kuingia mlangoni kwako bila wewe kujua nilichofanya.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya goti naileta. Nisalimie kaka yangu Hoza na kabichi zake, na maalim wa madrasa anayemfundisha Shani. Shani mwenyewe mwambie kuna fundi mmoja huku anamshonea gauni la Idi, na akilitazama ndani hataona hata uzi mmoja unaoning'inia. Huyo fundi ni nani, nitamwambia mwenyewe.

Nijibu upesi, mke wangu, hata kwa mistari miwili, uniambie kama koti langu bado liko nyuma ya mlango.

Mumeo,
Athumani, Baba Shani