Kinyaturu cha Mama Yadini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Ikungi tupo, alizeti imekauka shambani, mama anakusalimu. Najua unacheka kuniita bibi wakati umri wetu ni mmoja, lakini ukoo ndio uliotupanga hivyo.

Unauliza ufanyeje ili wenye yadi huko Dar wakupunguzie bei ya gari. Mimi nilishindwa. Tulitaka gari la kumpeleka baba kliniki Dodoma, na punguzo ndilo lingekuwa fedha ya matibabu. Nilijifanya sina haraka, nikaponda rangi, nikayakagua matairi. Muuzaji akaanza kulegea. Ndipo mama akaninong'oneza kwa Kinyaturu, "Mwanangu, lipa tu, baba yako atatufia."

Kumbe muuzaji ni wa kwetu. Akamjibu kwa Kinyaturu hicho hicho, kwa upole, "Pole, mama. Mzee atapona."

Bei haikushuka tena. Tukalipa yote. Baba alifariki kabla hajalipanda.

Sijui nikufundishe nini. Labda uende siku ambayo unaweza kuondoka bila gari. Sisi hatukuwa na siku kama hiyo.

Bibi yako,
Mwanaidi