Upande wa Pili wa Barua ya Onyo

Jumanne, 8 Julai 2025

Makambako. Baridi ya kupasua midomo. Mama kafariki jana, leo tayari kuna kikao cha sare! Shangazi zangu wamebishana saa nzima: kitenge cha zambarau au cha bluu.

Mjomba Benno kafika kutoka Njombe mjini na koti jipya. Mama ni dada yake, tumbo moja. Alipolazwa, mjomba hakuja hata na chungwa. Leo ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu! Mimi, mwanaye wa pekee, kazi yangu kuusoma tu. Eti, Dainess, wewe una sauti.

Jumatano, 9 Julai

Nimeusoma. Upuuzi mtupu. “Muuguzi mtiifu. Kwa miaka thelathini na moja hakuacha kituo chake hata siku moja.”

Aliacha! Nilikuwa darasa la nne. Flora wa Kichiwa alifika zahanati kwa mama na uchungu wa siku mbili, mtoto amelala mkingamo tumboni. Gari la wagonjwa bovu, kama kawaida. Mama akatia kufuli mlangoni, akasimamisha lori la mbao, akapanda naye hadi hospitali Makambako. Siku hiyohiyo bosi wake, Stanley, akaleta wakaguzi. Wakakuta kufuli. Barua ya onyo ikaja, na cheo akakikosa mpaka anastaafu.

Jioni ile alirudi na unga wa mbao kichwani. Hakula kwanza. Alinisugua miguu iliyopasuka kwa baridi, akaipaka mafuta, kama kila siku.

Nimemwambia mjomba afute sentensi ile. Kasema marehemu hasemwi vibaya. Vibaya! Halafu Mzee Stanley atakaa meza kuu, nisije nikaharibu msiba.

Nami nisijitie mwema. Nafanya kazi Njombe, mwendo wa saa moja. Mwaka huu nimekuja mara mbili. Ya pili ndiyo hii. Najidharau.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeipata barua. Ilikuwa kwenye mkoba wa mama, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa. Mbele: muhuri, saini ya Stanley, “kuacha kituo cha kazi bila ruhusa.” Nyuma, mwandiko wa mama:

Mtoto wa Flora. Wa kike. Kilo 2.9. Amelia vizuri.

Nimelia mpaka shangazi wakaacha vitenge vyao.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika chini ya turubai, daftari magotini. Stanley yuko meza kuu, anajifuta macho kwa leso. Machozi hata siyaoni! Kaongea dakika ishirini juu ya mama: Mektilda alikuwa kama dada yangu, nilimlea kikazi. Mjomba anaitikia kwa kichwa kila neno.

Flora yuko jikoni na binti yake Rejoice, miaka kumi na sita, wanamenya viazi walivyoleta wenyewe. Hakuna aliyewaita mbele. Nimekwenda kumwomba Rejoice aje asimame nami. Kaniuliza, dada, mimi nikaseme nini? Nimemwambia, usiseme kitu, simama tu.

MC ananiita. Mjomba kanikazia macho. Karatasi yake ya wasifu nimeikalia.

Rejoice kafika, mikono bado ina udongo wa viazi. Nimempa barua anishikie. Anaigeuza, anasoma uzito wake wa siku ile —