Kuku wa Posa

Jumapili, 12 Mei

Wamekuja! Wajomba wawili wa Cyrille, suti zinanuka naftalini, na kuku jike mwekundu amefungwa miguu. Cyrille mwenyewe alikaa na Papa, wakazungumza mashine za machimbo ya Kakontwe, kisha mpira, kisha mashine tena. Mimi nilileta Fanta. Asante yake akampa Mama, si mimi.

Kwetu kuku wa posa hufugwa wiki mbili. Wakirudi, msichana mwenyewe anamshika. Akimpa baba yake achinjwe, amekubali. Akimrudisha kwa wajomba, amekataa. Na kuku akifia kwetu – aibu, ni kama tumewatemea mate. Nimemuuliza Mama ni nani aliyewahi kumrudisha. Alicheka tu.

Wa kumchunga ni mimi.

Jumatano, 15 Mei

Kuku hali chakula. Amejikunyata ukutani, macho nusu wazi. Mfuko wa chakula, pale chini ya shingo, umevimba tangu asubuhi kabla hajadonoa kitu. Mgumu kama ngumi. Mama akaupapasa: "Jabot imefungana." Tumemnyima chakula, tumempa maji na mafuta kidogo, nikamkanda taratibu mpaka vidole vikachoka. Wapi!

Hapa hasomi mtu, basi niseme: nilifurahi. Halafu akanitazama kwa jicho moja, nikaona haya.

Alhamisi, 16 Mei

Tantine Marcelline, dada yake Papa, amefika mbio. Hapa Likasi habari hazingoji taxi-bus. Alitaka tumning'inize kuku kichwa chini atapike. Mama akakataa kabisa – maji yataingia kwenye mapafu, atakufa palepale. Ndipo Tantine akaona uzi mweusi mdomoni mwa kuku. Akauvuta kidogo. Mèches! Nywele za bandia ninazowasukia wateja hapa uani.

"Weye njo ulimulisha hii! Haumupende Cyrille, unataka kuku ya bantu bengine ikufe!"

Uongo! Vipande huanguka nikisuka, na kuku hudonoa chochote kinachofanana na mnyoo. Hilo nilimjibu, tena kwa sauti. Lakini lile jingine, kwamba simpendi Cyrille – nikarudi kumkanda kuku. Mama aliniona. Akachukua ufagio akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempasua! Mimi!

Mafuta yalishindwa, kuku amebaki mifupa, mdomo unanuka uchachu. Mama aliwahi kuona bibi yake akifanya. Wembe mpya, maji ya chumvi yaliyochemka, na lutuku, pombe kali ya jirani, ya kusafishia – Papa aliitazama ikimwagika kwa huzuni ya kweli. Mama akamviringisha kuku ndani ya pagne yake ya kitenge, akamshika. Nikanyonyoa manyoya, nikakata ngozi, kisha mfuko. Likatoka tonge la nywele, majani marefu na pumba iliyooza. Uvundo, Mungu wangu! Nikashona kwa sindano yangu ya tissage, ile ya kushonea nywele, mfuko kwanza, ngozi baadaye.

Ningeweza kushona vibaya. Nani angejua? Lakini alikuwa anapumua kwenye viganja vyangu, moyo unamwenda mbio. Sikuweza.

Jioni Cyrille akapiga simu. Kwangu! Mara ya kwanza.

"Kuku iko namna gani?"

Iko muzima, nikamwambia. Nikangoja aulize lingine.

"Bon. Umuchunge muzuri." Akakata.

Jumatano, 22 Mei

Uji mwepesi, kidogo kidogo. Jioni mfuko unajaa, asubuhi uko tupu. Amepona, hakuna ubishi. Ananifuata mpaka mlangoni mwa choo. Tantine sasa ananisifu kwa majirani: mutoto iko na mikono ya kujenga nyumba! Nilitaka kulia. Mikono hii hii.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ya kuku yamefichuka. Yangu bado nimeyameza.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikajaribu. "Mama, kama miye namurudisha?"

Alizidi kusugua sufuria. "Papa yako amekwisha kualika bantu."

Hilo si jibu. Au ndilo.

Jumapili, 26 Mei

Wajomba wako salon, sebuleni. Mimi niko jikoni na kuku, miguu amefungwa tena, naandika juu ya gunia la makaa. Nimempapasa: laini, mshono umekauka. Hakuna atakayesema sikumchunga.

Mjomba mkubwa ameuliza kama kuku ni mzima. Mama akajibu kwamba Danielle amemponya mwenyewe. Wamepiga makofi! Cyrille amesema kitu, wote wakacheka. Sikusikia nini. Papa yuko barazani mbele, ananoa kisu. Hicho nakisikia vizuri.

"Danielle! Leta ile kuku, bantu banangoya!" Tantine.

Nimekata kamba ya miguuni. Mlango wa nyuma uko wazi, uani hakuna mtu. Nenda! Haendi. Amepanda juu ya mguu wangu, ameinua shingo, anangoja uji.

Wananiita tena. Mama ameingia. Ameona kamba sakafuni, ameniona na kalamu. Sasa amefunga mlango – si wa nyuma, ule wa salon. Ameuegemea kwa mgongo, anatazama mlango wa nyuma.