Zifungue Nje, Juani

Matinyani,
S.L.P. 318,
Kitui.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Mwongeli,

Pokea salamu zangu pamoja na chupa ya asali uliyofungiwa na mama. Natumaini huko Kisumu mu wazima na kikohozi cha mwanao Kanini kimeisha. Sisi tuko salama. Mvua bado, lakini mizinga imejaa, na goti la mama limetulia.

Uliniomba nikuonyeshe kazi iliyo bora darasani kwetu, kwa kuwa ofisi yenu ya kutengeneza tovuti inatafuta mwanafunzi mmoja wa mafunzo ya kazini mwezi wa Januari. Ni wiki mbili sasa. Nimechelewa kwa makusudi.

Muhula huu tumesoma misingi ya herufi: kuchagua fonti, ukubwa, nafasi kati ya mistari, na jinsi mstari mrefu unavyochosha jicho. Dada, sijawahi kupenda kitu namna hii. Siku hizi sipiti kibao cha duka bila kukisahihisha moyoni.

Kisha tukapewa kazi ya kuunda upya tovuti ya kikundi cha asali cha akina mama wa kijiji cha Tulia, ambacho mama ndiye katibu wake. Kila mwanafunzi atengeneze yake, wao wachague moja. Nilijua ni yangu kabla sijaanza. Nilichukua herufi nyembamba za kijivu, nikaziachia nafasi nyeupe pande zote. Niliifanya kazi hiyo katika chumba cha kompyuta, mapazia yamefungwa.

Ninayekaa naye dawati moja ni Hibaq. Baba yake ana duka mjini Kitui. Walihamia kutoka Garissa. Alichungulia kazi yangu akacheka: "Ndila, herufi zako ni kama vikombe vya wageni. Za kuangaliwa tu kabatini!" Nilicheka pia. Lakini liliniingia.

Siku ya kuchagua, akina mama walikaa nje ya ghala lao saa sita mchana, kila mmoja na simu yake. Mama aliisogeza simu mbali, akaileta karibu, akaikinga kwa leso.

"Ndila, yako ni maridadi kama kadi ya harusi," akasema. "Lakini bei ya asali iko wapi?"

Ilikuwa pale pale. Jua lilikuwa limeimeza.

Akafungua ya Hibaq. Herufi nene nyeusi, mistari mifupi. Akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, bila miwani. "Ai, huyu alitufikiria!" akasema, akainua mkono kuichagua. Mama yangu mzazi, aliyehifadhi ripoti zangu zote tangu chekechea.

Baadaye nilisikia kwamba Hibaq alikwenda Tulia Jumamosi tatu, akakaa nao, akatazama wanavyoshika simu. Mimi mtoto wa nyumbani sikwenda hata mara moja. Kujua hivyo hakujanipoza. Nikisikia kalamu yake ikiandika kando yangu, natamani iishiwe wino. Hata lebo ya chupa uliyoishika ni kazi yake. Nilianza kuibandua, ndiyo maana pembe moja imeinuka.

Nimeandika nyuma ya karatasi hii anwani za tovuti zote mbili, yangu na yake. Usizitazame ukiwa ofisini. Toka nje, juani, uzifungue kwa simu, kisha uamue. Ukimchagua Hibaq, mwandikie mwenyewe, usinitume mimi. Siamini kwamba nitamfikishia.

Nisalimie shemeji Mutie, na umbusu Kanini. Mama anasema chupa irudi. Mungu awalinde, na wewe akupe jicho la haki, hata likiniumiza.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kijicho,
Ndila

Tena: namba ya simu ya Hibaq iko chini ya anwani yake. Nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo mno, nikaikata. Hii ya pili ni kubwa na nyeusi, hutaikosa.