Vipepeo wa Mama Mmoja

Mwanangu Neema,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Usiichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Unaukumbuka ule mlimau wetu hapa Ganda, tulioufunika wavu tukamwachia kipepeo jike mmoja tu atage? Viwavi tuliwalinda kwa zamu, wewe na mimi, mpaka wakawa pupa. Siku walipotoka nilichanganyikiwa. Madume wote walikuwa wa manjano, wenye mikia. Majike, wengine weusi wenye madoa meupe, wengine rangi ya chungwa, na mkia hawana. Nikapiga kelele kwamba vipepeo wa watu wameingia wavuni mwetu, nikaanza kuwatupa nje. Ukanishika mkono.

"Baba, hao ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Rangi ya jike hupangwa na jeni. Zamani sana walitokea wachache waliofanana na vipepeo wachungu, ndege wakawaogopa. Hao ndio waliosalia wakazaa, na rangi ikarithiwa."

Nilikuamini papo hapo. Hata kwa mnunuzi wa pupa wetu nilijitapa kana kwamba nimesoma mimi.

Kisha ukaniuliza, mkono hujauachia, "Na mimi je, baba?"

Nikajifanya nafunga wavu. Kesho yake ukaondoka.

Ulizaliwa mweupe, nywele nyekundunyekundu, na mama yako alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Malindi. Watu wakasema yao, nami nikayameza yote. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wewe nilikunyima jina la mama yangu, Kadzo, nikamwambia mama yako akutafutie jina mwenyewe. Aliapa mbele ya wazee kwamba wewe ni damu yangu. Amekufa sijamwambia kwamba namwamini, na jambo hilo linanitafuna.

Naona haya, mwanangu. Wadudu niliwakubali kwa maneno ya dakika moja, mke wangu nikamkatalia miaka yote ile. Na usidhani nimekwenda kupima damu. Sijapima wala sipimi.

Jumapili niliwaita wazee wale wale, nikasimama nikasema nilikosa, na kwamba Kadzo ni wewe. Shangazi yako akaniuliza mbele ya watu, "Sasa ndipo waona? Na Kadzo mwenyewe yuko wapi?" Nikarudi nyumbani nikaanza barua hii.

Jina ukilikataa, ni haki yako. Nakuomba moja tu: huko Kilifi mtu akikuuliza wewe ni binti wa nani, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Nitaje.

Ni mimi,
baba yako mzazi.