Mashine Haijui Saa Zetu

Baba watoto,

Nimetoka, leo zamu yangu ni ya mapema. Mkate uko kabatini, rafu ya juu. Mdogo asiende shule bila sweta, hata alie vipi. Bomba la nje linavuja tena, likaze.

Na ile mashine ya kahawa, ~~irudishe dukani~~ iache hapo hapo ilipo.

Samahani kwa kucheka asubuhi. Lakini mume wangu! Kahawa imepoa kama maji ya mtungi, nawe umeshika kitabu cha maelekezo, umenuna, unasema tumeuziwa mbovu. Mashine ni nzima. Mimi nilikuomba kahawa ya saa kumi na mbili asubuhi, nawe ukabonyeza 12. Ikachemsha usiku wa manane huku sisi tunakoroma! Haijui Kiswahili, masikini. Kumi na mbili yetu, kwake ni 6.

Ukajifungia bafuni, hata kuniaga hukutaka. Haya, nuna. Ila nakumbuka siku ile dukani muuzaji alivyokuonyesha ya kitufe kimoja, ukaikataa. Ulitaka inayojiwasha yenyewe, “ili mama watoto naye alale kidogo.”

Basi nimeinywa yote, na baridi yake. Angalia jagi, halina hata tone.

Leo ukiitegesha, bonyeza 6. Ukisahau, bonyeza chochote. Nitakunywa tu.

Mama watoto (aliyelala hadi kukapambazuka)