Mipini ya Yekosofati

S.L.P. 418,
Jinja.
14 Septemba 1996

Mpendwa dada Janepher,

Kaa kwanza, dada. Natangaza kwa heshima zote kwamba ukoo wetu, ambao haujawahi kukubaliana hata mahali pa kufunga mbuzi, umefanya kikao tangu asubuhi hadi chai ya jioni, ukafungua kwa sala na kufunga kwa sala, kujadili urefu wa fimbo za gofu.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Mombasa mnaendeleaje? Goti lako je? Na shemeji, na watoto? Sisi hapa Mafubira tuko salama, ila kifua changu bado kinabishana na mvua. Naandika Kiswahili ili wanao wasome bila kukuuliza. Wasinicheke. Nilikiokota kwa askari, hakina adabu za pwani.

Sasa, lile jambo lako. Ulisema utamnunulia Jude fimbo mpya kutoka Nairobi, kwenye duka lile wanakompima mtu mikono na kimo kabla ya kumuuzia. Ulifikiri vizuri. Mwezi ujao pale Mbale watamchagua msaidizi wa mwalimu wa gofu, na kijana amekuwa mrefu kama nguzo ya simu. Akizishika zile fimbo za baba yake anainama kama mtu aliyeangusha sindano.

Kama fundi nilikuwa upande wako. Miaka yote nakaa kwenye kibanda changu hapa uwanja wa Jinja, natengeneza fimbo za wakubwa, na najua: fimbo iliyopimwa kwa mwili wa mtu haina ubishi. Kubadilisha mpini ni kama kumvika mtu suruali ya mwingine baada ya kuishusha pindo. Atatembea, lakini utaona.

Kilichonishangaza ni kwamba wifi yako Nabifo, mama yake Jude, naye alikubali haraka. Tena akanihimiza nikuandikie upesi. Mimi nikajua kuna kitu. Fimbo mpya zikija, zile za kaka yetu Yekosofati hazitaguswa. Zitabaki na urefu wake, zikimngoja.

Unakumbuka jinsi zilivyorudi. Wanajeshi walimkuta Yekosofati kule uwanjani Mbale, wakamwambia, “Bwana, njoo kidogo, afande anataka kukuuliza kitu.” Akauegemeza mfuko wa fimbo kwenye mti, kama mtu atakayerudi sasa hivi. Mfuko ulirudi nyumbani Nakaloke. Hii ni miaka kumi na minane. Wifi yako anazipaka mafuta kila Jumamosi, na mkanda wa mfuko anauelekeza mlangoni, tayari kwa bega. Ukikaa pale sebuleni unajikuta unamwachia mtu nafasi kwenye benchi. Mimi mwenyewe nimewahi kusogea.

Wazee wamemwambia mara nyingi tuzike mgomba mahali pa mwili, kama desturi, ili aliyepotea apate pa kulala na waliobaki wapate pa kulia. Jibu lake unalijua: “Mume wangu hakuwa mgomba.”

Basi kikaoni, kule kule Nakaloke, wazee wakasema fimbo za duka zinunuliwe, amani iwepo. Jude akasimama. Huyu mtoto ambaye hata ukimkanyaga anaomba yeye msamaha! Akasema hataki za duka. Anataka vichwa vya chuma alivyopigia baba yake, vitiwe mipini mirefu.

Mama yake akamwambia, “Baba yako akirudi atapigia nini? Ufagio?”

Jude akasema, “Mama, hizi zinamngoja baba. Na mimi nangoja nini?”

 

 Wifi yako alinyanyuka, akaleta mfuko, akauweka miguuni pangu, akaenda jikoni. Nilibeba vyombo vyangu, si unanijua, mimi sisafiri bila vyombo. Nikawasha jiko la mafuta nje, nikapasha moto shingo ya fimbo ya kwanza ili gundi ilainike, nikavuta. Ikagoma. Nikavuta tena, na upande wa pili, dada, kitu kikavuta. Gundi ya zamani, najua, kazi yangu hiyo. Lakini nilijisikia nikisema, “Samahani, kaka.”

Mpini ulipotoka, Nabifo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauchukua. Pale pa kushikia ngozi imelika, kidole gumba cha kaka kimeacha shimo. Akaweka gumba lake mle ndani, akakaa hivyo mpaka jiko likaishiwa mafuta.

Kisha akasema, “Hii basi. Zikeni hii.”

Kwa hiyo tumemzika kaka yetu, dada. Mipini saba, maana niliing'oa na mingine yote, imefungwa kwa shuka lake, nyuma ya nyumba karibu na kaburi la mama. Mchungaji wa Nakaloke aliuliza mwili uko wapi, tukamwonyesha, akafikiri kidogo, akafungua kitabu. Nilitaka kukupigia simu ya posta lakini mambo yalikwenda haraka, tukaogopa wifi yako atabadilisha mawazo. Usitukasirikie. Tulilia na kwa niaba yako. Jude alipewa vichwa mbele ya watu kama mrithi, nami nimevitia mipini mipya. Anasimama wima sasa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, hasa Lillian, mwambie barua yake ilitufurahisha. Betty wangu anakusalimu, na Jude anakushukuru kama vile ulinunua. Mungu alitulize goti lako na akulinde uendako na urudipo.

Sikutaka kuliandika hili, lakini wewe ni mkubwa wangu. Watu walipotawanyika makaburini, wifi yako alinifuata nilipokuwa nanawa mikono. Aliniuliza, taratibu, Jude asisikie, kama hii mipini mirefu inaweza kufupishwa tena.

Inaweza. Inakatwa kwa msumeno wa kawaida.

Mdogo wako akupendaye,
Eriya